Somo la Afya: Mtoto Mchanga Akipaliwa

Wasomaji wetu, katika somo hili twataka kueleza jambo liwezalo kutokea nyumbani mwa mtu yeyote, tajiri au maskini, mjini Bukoba au kisiwani Goziba, nalo ni kupaliwa kwa mtoto mchanga. Kupaliwa ni kule kuingiwa na chakula, au maziwa, au kitu chochote, katika njia ya pumzi badala ya njia ya chakula. Mtu mzima akipaliwa hukohoa, machozi yakamtoka, kisha akacheka pamoja na wenziwe. Mtoto mchanga hana nguvu hizo. Yeye aweza kufa mikononi mwa mama yake kwa muda ambao chungu cha ndizi hakijapata hata kuchemka.

Twawaandikia hasa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, walimu, na kila mtu ajuaye kusoma ambaye jirani zake humwendea kumwuliza habari. Somo hili si la kusomwa kisha likawekwa kabatini. Ni la kusomwa kwa sauti mbele ya watu, kisha kufanyiwa mazoezi kwa mikono.

KWA NINI TUSINGOJE HOSPITALI

Nchi yetu ya Bukoba na Muleba haikukosa hospitali. Mjini Bukoba iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na katika Muleba ziko hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage, mbali na vituo vya afya na zahanati za vijijini. Lakini hesabu ya mtoto aliyepaliwa si hesabu ya saa, ni hesabu ya dakika. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika 4 hivi huanza kuharibika, na usipopata msaada upesi moyo nao husimama. Katika dakika 4 mtu wa Kamachumu hajapata kumwita mwenye pikipiki, na mtu wa Bumbire hajasukuma mtumbwi majini. Wahenga walisema kweli ya kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Watu wa Bukoba wanalijua jambo hili kwa mfano mkubwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, nayo ilikuwa na watu 43. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi katika mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, na 24 wakaokoka. Wavuvi wale hawakuwa na cheo wala vyombo vya uokozi, lakini walikuwa karibu, na mikono yao ililizoea ziwa. Hali kadhalika, mtoto akipaliwa, mwokozi wake ni yule aliye naye chumbani saa ile ile, awe mama, baba, bibi, au dada mwenye umri wa miaka 11. Basi shabaha ya somo hili ni kwamba mikono hiyo ifundishwe mapema, kabla ya siku ya msiba.

NJIA MBILI KOONI

Nyuma ya ulimi ziko njia mbili. Moja ni ya chakula, nayo huteremka mpaka tumboni. Ya pili ni ya pumzi, nayo huteremka mpaka mapafuni. Juu ya njia ya pumzi pana kifuniko kidogo kinachofunga mlango kila tumezapo, kisha hufunguka tuvutapo pumzi. Mtu akicheka au akilia au akikimbia hali ana chakula kinywani, huvuta pumzi kwa ghafula, na chakula huingia mahali pasipo pake.

Mtoto mchanga ana hatari kupita mtu mzima kwa sababu tatu. Kwanza, njia yake ya pumzi ni nyembamba sana, upana wake yapata milimita 5 tu, hata harage moja latosha kuiziba. Pili, hana magego ya kusaga; meno yake machache ya mbele yaweza kukata kipande cha chakula lakini hayawezi kukilainisha. Tatu, mtoto atambaaye huujua ulimwengu kwa kinywa chake, na kila aokotacho hukitia mdomoni kabla hajakitazama.

Na vitu vya kuokota havikosi. Wazee wetu wa Buhaya walitandika nyasi sakafuni, na ziko nyumba zinazotandikwa hata leo. Mtoto atambaaye juu yake hukuta kile ambacho jicho la mkubwa halikioni. Tunayo desturi njema ya kumkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, lakini buni moja ikimponyoka mgeni kiganjani, mtoto ndiye atakayeiona kwanza. Tena ziko karanga, maharage, njugumawe, punje za mahindi, vipande vya muwa, mifupa ya samaki, na senene waliokaangwa wakakauka. Ziko sarafu, vifungo, shanga, vifuniko vya kalamu, na betri ndogo za duara za saa na za vitu vya kuchezea. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walitoa taarifa mwaka 2011 juu ya watu waliotolewa vitu vilivyokwama. Walio wengi walikuwa watoto wa miaka 2 na chini yake. Katika njia ya pumzi kitu kilichoonekana zaidi ni karanga, na katika njia ya chakula ni sarafu.

KUPAMBANUA KUKOHOA NA KUZIBA

Kabla ya kufanya lolote yatupasa kupambanua hali mbili, maana dawa ya moja ni hatari kwa nyingine.

Hali ya kwanza ni ya mtoto anayekohoa kwa nguvu, au anayelia kwa sauti. Huyu bado anapata hewa. Kikohozi chake ndicho dawa bora kupita zote, kwa kuwa pumzi yake mwenyewe hukisukuma kitu nje. Mwacheni akohoe, mkae naye, mmtazame bila kumwacha hata kidogo. Msimpige mgongo, msimnyweshe maji, msimtie kidole.

Hali ya pili ni ya mtoto ambaye hawezi kulia, hawezi kukohoa ila kwa unyonge usio na sauti, wala hawezi kuvuta pumzi. Macho yamemtoka, kinywa ki wazi, mikono inatapatapa. Pengine husikika mlio mwembamba kama wa filimbi, pengine hakuna sauti kabisa. Midomo na ulimi hugeuka rangi kuwa buluu au kijivu. Tazameni ndani ya kinywa na kwenye kucha, kwa maana katika ngozi nyeusi mabadiliko haya hayaonekani upesi usoni.

Kwa ufupi, mtoto mwenye kelele mwacheni apige kelele. Mtoto aliyenyamaza ghafula ndiye wa kukimbiliwa.

MAMBO YA KUTENDA KWA MTOTO ALIYE CHINI YA MWAKA 1

Tuseme mtoto wa miezi 9 ameketi mkekani katika nyumba moja ya Kamachumu. Bibi yake anamenya ndizi, na dada yake wa darasa la tano anachambua maharage. Ghafula bibi aona mtoto ametoa macho wala hana sauti. Aghalabu katika dakika kama hiyo hutokea mambo matatu: mmoja hupiga yowe, mwingine humshika mtoto miguu akamning'iniza, na wa tatu humtia kidole kooni. Wote watatu wanampenda mtoto, wala hapana hata mmoja anayemsaidia. Ifuatayo ndiyo njia iliyo sawa.

Jambo la 1. Bibi amtume dada nje kuita watu na kutafuta chombo cha kwendea hospitali. Yeye mwenyewe asitoke, wala asimwache mtoto. Kama yu peke yake, apige kelele za kuita huku mikono yake ikianza kazi.

Jambo la 2. Aketi, amlaze mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, tumbo la mtoto likiwa juu ya mkono na miguu ikining'inia huku na huku. Kiganja cha mkono huo kishike taya la mtoto, bila kubana koo wala kuziba kinywa. Mkono auegemeze juu ya paja lake, na kichwa cha mtoto kiwe chini kuliko kiwiliwili.

Jambo la 3. Kwa mkono wa pili ampige mgongoni, katikati ya mabega, mapigo 5. Apige kwa sehemu nene ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono, wala si kwa vidole. Mapigo yawe ya nguvu na kila moja liwe mbali na lenzake, ili kila pigo lipewe nafasi ya kukitoa kitu. Kupapasa kama kumbembeleza hakufai. Baada ya kila pigo atazame. Kitu kikitoka kwa pigo la 2, hapana haja ya la 3.

Jambo la 4. Kitu kisipotoka, aweke mkono wa pili mgongoni mwa mtoto, kiganja kikishika kisogo, amgeuze akiwa katikati ya mikono yake miwili, ili mtoto alale chali juu ya paja. Kichwa bado kiwe chini kuliko kifua.

Jambo la 5. Atafute mfupa wa kidari, ule mfupa wa katikati ya kifua. Mahali pa kusukuma ni chini kidogo ya mstari unaopita kati ya chuchu mbili, wala si juu ya ncha ya chini ya mfupa, wala si tumboni. Hapo asukume kwa nguvu mara 5, kila mara akiachia kifua kirudi mahali pake. Zamani wengi tulifundishwa kusukuma kwa vidole viwili. Mwaka 2025 madaktari wa moyo wa Marekani waliagiza kutumia sehemu nene ya kiganja cha mkono mmoja, maana ina nguvu kupita vidole. Mahali pa kusukuma hapakubadilika.

Jambo la 6. Atazame kinywani. Akikiona kitu waziwazi, karibu na midomo, akiondoe kwa uangalifu. Asipokiona, asikitafute kwa kidole.

Jambo la 7. Arudie: mapigo 5 mgongoni, misukumo 5 kifuani. Asiache mpaka kitu kitoke na mtoto alie, au mpaka mtoto alegee na kupoteza fahamu. Wengine hufanya mara moja, wakaona hakuna kitu kilichotoka, wakakata tamaa na kukimbilia barabarani. Hilo ni kosa. Mara ya 3 au ya 4 yaweza kutoa kile ambacho mara ya kwanza ilikilegeza tu.

MTOTO AKIZIMIA

Mtoto akilegea, akanyamaza, wala asijibu akiguswa nyayo na kuitwa, mlazeni chali mahali pagumu, kama meza au sakafu. Godoro laini halifai. Sasa kazi ni ya kusaidia moyo na mapafu.

Sukumeni kifua mara 30, juu ya mfupa ule ule wa kidari, kwa sehemu nene ya kiganja kimoja. Au mkizungushe kifua kwa mikono miwili na kusukuma kwa vidole gumba viwili pamoja. Kifua kizame theluthi moja ya unene wake, yapata sentimita 4, na mwendo uwe wa haraka, misukumo 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya misukumo 30 funueni kinywa mtazame. Kitu kikionekana kiondoeni.

Kisha inueni kidevu kidogo ili kichwa kikae sawa, kama mtoto anayetazama mbinguni, wala kisipindishwe nyuma sana. Funikeni kinywa na pua yake vyote viwili kwa kinywa chenu, mpulize pumzi 2 ndogo, kila moja ya kutosha kuinua kifua tu. Mapafu ya mtoto mchanga ni madogo. Mpulizo wa mkubwa wa kujaza mashavu ni mwingi mno kwake. Endeleeni hivyo, 30 kwa 2, mpaka mtoto avute pumzi mwenyewe au apokewe na mganga wa hospitali. Wakiwapo watu wawili, wapokezane, maana mikono huchoka upesi na misukumo ya mchovu haina nguvu. Chombo kikipatikana, kazi hii iendelee njiani kadiri iwezekanavyo.

MTOTO ALIYEPITA MWAKA 1

Mtoto aliyepita mwaka 1 husaidiwa kwa njia iliyo tofauti kidogo. Ainame mbele, apigwe mapigo 5 katikati ya mabega. Kisipotoka kitu, msaidizi apige magoti nyuma yake, amzungushie mikono, aweke ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, aishike ngumi hiyo kwa mkono wa pili, na kuvuta ndani na juu kwa ghafula mara 5. Kisha arudie mapigo na mivuto kwa zamu.

Njia hii ya kusukuma tumbo ilitangazwa mwaka 1974 na daktari Henry Heimlich wa Marekani, nayo imeenea ulimwenguni. Lakini twasisitiza ya kwamba haifai kamwe kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Ini lake ni kubwa kwa kadiri ya mwili wake, tena halikukingwa vema na mbavu. Kumsukuma tumbo kwaweza kulipasua. Kwa mchanga ni mgongo na kifua tu.

MAMBO YA KUKATAZA

Yako mambo yanayotendwa vijijini kwa nia njema, nayo huleta madhara.

Kumshika mtoto miguu na kumtikisa kichwa chini. Mtoto aweza kuponyoka akaumia kichwa au shingo, wala kutikisa hakusukumi pumzi kutoka ndani.

Kutia kidole kooni bila kuona. Kidole hukisukuma kitu chini zaidi, na kile kilichokuwa kimeziba nusu sasa huziba kabisa.

Kumpa maji, maziwa, au tonge la ndizi ili kitu kiteremke. Kitu hakipo katika njia ya chakula. Kumnywesha ni kuongeza kizibo juu ya kizibo.

Kumpuliza utosini, kumpiga utosini, au kumwagia maji ya baridi. Mambo haya hayana msaada wowote, nayo hula zile dakika 4.

BAADA YA KITU KUTOKA

Mtoto akilia na rangi yake ikirudi, tumshukuru Mungu, lakini kazi haijaisha. Mtoto aliyesukumwa kifua apelekwe hospitali au kituo cha afya siku ile ile, ili atazamwe kama ameumia ndani. Hali kadhalika apelekwe kama kitu hakikuonekana kilikokwenda, maana mara nyingine hakikutoka bali kimeteremka katika pafu moja.

Hapa pana hatari iliyofichika. Karanga iliyoingia pafuni humwacha mtoto akicheza siku mbili tatu, watu wakasahau. Kisha huja kikohozi kisichoisha, pumzi yenye mlio, na homa ya mapafu inayorudi kila ipoapo. Wako watu wakionao kikohozi hicho husema ni kimeo, wakampeleka mtoto kwa mtu wa kukata kimeo. Kukata kimeo humtoa mtoto damu, hata pengine kumwua, tena huleta maradhi ya kidonda. Na karanga bado i pafuni palepale. Basi mtoto mwenye kikohozi cha muda mrefu na apelekwe hospitali, na mzazi aseme wazi mbele ya daktari, "Siku fulani alipaliwa na kitu fulani." Maneno hayo machache yatamfungua daktari macho kuliko vipimo vingi. Hospitali kubwa kama ile ya Bugando, ng'ambo ya ziwa, ina madaktari wa koo wanaomlaza mtoto usingizi wa dawa, wakaingiza chombo chembamba chenye taa, na kukitoa kitu kile.

Habari ya betri ndogo za duara twaitaja peke yake. Mtoto akimeza betri hiyo, hata kama anacheka, msingoje. Ikikwama kooni huanza kuunguza nyama, na kwa muda wa saa 2 tu yaweza kufanya madhara makubwa. Akimbizwe hospitali mara moja.

KINGA

Watu husema ajali haina kinga. Katika jambo hili twathubutu kusema ya kwamba ajali hii ina kinga, tena ya bei rahisi.

Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Baada ya kunyonya, abebwe wima begani mpaka acheue. Asiachiwe chupa ya maziwa kinywani hali amelala.

Baada ya miezi 6, ndizi, viazi na maharage viponde mpaka vilainike kabisa, na maganda ya maharage yaondolewe. Samaki achambuliwe kwa vidole katika mwanga, wala si gizani wala karibu na moshi. Karanga zisagwe, karanga nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka 5. Kahawa ya kutafuna na senene ni vyakula vya wenye meno.

Mtoto ale akiwa ameketi, na mkubwa akimtazama. Asilishwe akilia, wala akichekeshwa, wala akiwa amebebwa mgongoni mwa dada anayekimbia. Tena asilishwe kwa nguvu kwa kuzibwa pua, desturi ambayo ingefaa ikomeshwe katika kila nyumba.

Kila jioni sakafu au nyasi zifagiliwe mahali mtoto atambaapo. Maharage na karanga zichambuliwe juu ya meza au katika ungo, mbali na mkeka wake. Mkubwa na achuchumae mara moja, atazame chumba kutoka kimo cha mtoto. Ataona ambayo hakuyaona alipokuwa amesimama.

KAZI YA VIONGOZI NA WALIMU

Waheshimiwa viongozi, mkutano mmoja wa kijiji wa nusu saa watosha kulifundisha jambo hili. Mwombeni mganga wa zahanati au mhudumu wa afya aje aonyeshe. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania nacho hufundisha huduma ya kwanza. Wanaume nao waitwe, wasiachiwe akina mama peke yao. Visiwani na mialoni, ambako hospitali iko ng'ambo ya maji, fundisho hili litangulie mafundisho mengine.

Nanyi walimu, kumbukeni ya kwamba watoto wa darasa la tano na la sita ndio walezi wa wadogo zao wakati wazazi wako kibanjani. Watengenezeeni mwanasesere wa maganda makavu ya mgomba, mzito kiasi cha mtoto, wafanye mazoezi mmoja mmoja: kumlaza, kupiga, kumgeuza, kusukuma. Mtoto aliye hai asifanyiwe mazoezi ya mapigo wala ya misukumo, maana kumpiga asiyepaliwa ni kumwumiza. Mkono uliozoea mara 10 juu ya mwanasesere hautatetemeka sana siku ya kweli.

MASWALI

1. Mtoto wa miezi 8 anakohoa kwa nguvu na kulia. Je, tumpige mgongo? Toa sababu.
2. Kwa nini hatusukumi tumbo la mtoto aliye chini ya mwaka 1?
3. Onyesha juu ya mwanasesere mahali pa mapigo 5, na mahali pa misukumo 5.
4. Kidole chaweza kutiwa kinywani wakati gani, na wakati gani ni hatari?
5. Mtoto amezimia. Misukumo ni mingapi, na pumzi ni ngapi? Kinywa cha msaidizi kifunike nini?
6. Mtoto alipaliwa na karanga wiki 3 zilizopita, na tangu hapo anakohoa. Jirani asema ni kimeo. Wewe utamjibu nini?
7. Leo ukirudi nyumbani, tazama sakafu mahali mdogo wako atambaapo. Kesho utwambie umeokota vitu gani.